Barua ya wazi kwa mjomba wangu anayetaka kununua baa Moi Avenue

Mjomba, shikamoo.

Mama amenieleza kwamba umekusudia kurudi Mombasa na akiba yako yote ya Ujerumani, na kwamba umeshaanza kuzungumza na mtu anayeuza baa iliyo Moi Avenue, hatua chache kutoka Pembe za Ndovu, yale matao ya pembe yaliyo juu ya barabara. Umeniruhusu nikujibu hadharani, nami nakushukuru, kwa kuwa hili si lako peke yako. Wapo wengi wa rika lako, walioko Hamburg, Muscat na Dubai, ambao bado wanaikumbuka barabara ile kwa jina la Kilindini Road na wanaamini kwamba akipatikana mtu mmoja wa kufungua mahali pazuri, wageni watarejea na usiku utaendelea kama zamani. Mimi nimeshika vitabu vya hesabu vya baa na mikahawa ya mji huu kwa miaka mingi, na naona ni haki yako kuelezwa fedha za usiku zimekwenda wapi kabla hujatia saini popote.

Wewe husema kwamba barabara ile iliuawa na mabomu. Wengine hulaumu polisi, wengine Sheria ya Mututho ya mwaka 2010, iliyopewa jina la mbunge aliyeiwasilisha, iliyoamuru baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za Jumatatu hadi Ijumaa na kufungwa saa tano usiku. Siwapingi, maana kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Hata hivyo nikiipanga miaka kwa utaratibu, naona kwamba usiku wa Mombasa ulianza kukihama kisiwa mapema kuliko bomu la kwanza, na kilichouhamisha ni njia anayoingilia mgeni. Baa hufunguliwa pale mgeni mwenye fedha anaposhukia. Njia yake ikibadilika, hakuna uzuri wa kaunta wala wa muziki utakaomrudisha nyuma.

Anza na bandari, ambayo unaijua kuliko mimi. Tangu gati za maji ya kina za Kilindini zilipoanza kutumika mwaka 1926, meli ilipotia nanga ilikaa siku nyingi, kwa sababu kahawa, chai na katani vilipakiwa gunia kwa gunia na robota kwa robota, migongoni mwa makuli na kwa winchi za meli. Baharia alikuwa na mshahara mfukoni na muda wa kuutumia, na barabara iliyomtoa langoni mwa bandari hadi mjini ilikuwa moja. Ndiyo maana baa, vyumba vya kulala, wauza vinyago na wabadilisha fedha walijipanga kandokando yake. Haikuwa mipango ya manispaa wala ubunifu wa mfanyabiashara yeyote. Ilikuwa ni umbali ambao mtu anaweza kuutembea kwa miguu baada ya kushuka melini.

Kisha zikaja manowari. Mwaka 1980 serikali yetu ilikubaliana na Marekani kwamba meli zake za kivita zitumie bandari ya Mombasa, na wewe mwenyewe umetusimulia jinsi mji ulivyofurika wanamaji, jinsi bia zilivyokwisha, na jinsi mhudumu alivyoweza kupata kwa usiku mmoja bakshishi inayozidi mshahara wake wa mwezi. Naomba uniwie radhi nikikumbusha upande wa pili wa masimulizi hayo. Mwaka huohuo wa 1980 baharia wa Kimarekani alimuua mwanamke Mkenya aliyekuwa naye mjini hapa. Alikiri kosa la kuua bila kukusudia, na mahakama ikamwachia huru kwa sharti la kutia saini dhamana ya shilingi 500, kwamba atakuwa na mwenendo mwema kwa miaka miwili. Nchi nzima ilighadhibika. Kila ninaposikia watu wakiuita wakati ule kuwa ndio neema ya Kilindini Road, namfikiria mwanamke yule, na nawafikiria wenzake waliorudi kwenye baa zilezile jioni iliyofuata kwa sababu hawakuwa na pengine pa kwenda.

Kilichowaondoa mabaharia hakikuwa hofu. Ni kontena. Meli ya kontena hupakuliwa kwa kreni na kuondoka upesi, mabaharia wake ni wachache, na wengi hawapati hata nafasi ya kutoka langoni. Kanuni za kimataifa za usalama wa meli na bandari zilizoanza kutumika Julai 2004 zilikaza zaidi, zikafanya kutoka na kuingia bandarini kuwe kazi ya vibali. Bandari yenyewe imekua na inapitisha mizigo mingi kuliko wakati wowote wa ujana wako, lakini mizigo hiyo hainywi bia. Ikiwa muuzaji anakushawishi kwa kukuonyesha kwamba bandari inapanuliwa, mjomba, hiyo si hoja.

Daraja la Nyali, linalokiunganisha kisiwa na pwani ya kaskazini, nalo lilikamilika mwaka huohuo wa 1980, na nadhani liliibadilisha barabara yako kuliko sheria yoyote. Kabla ya hapo watu walivuka kwa lile daraja la kuelea lililokuwapo tangu 1931. Baada yake, mtalii aliyeshuka kwa ndege ya kukodi kutoka Frankfurt au Zurich alipanda basi uwanjani na kupelekwa moja kwa moja Nyali, Bamburi au Shanzu, akakipita kisiwa bila kushuka. Chakula alikilipia kabla ya kuondoka kwao. Muziki aliukuta hotelini. Akitaka kutoka, dereva alimpeleka disko, Mamba Village kule Nyali au Tembo kule Bamburi, akarudishwa kulala bila kuiona Moi Avenue ila mchana, kwa ajili ya kupiga picha chini ya pembe na kununua kinyago.

Wanamuziki waliliona hilo mapema. Them Mushrooms, vijana wa hapahapa Mombasa, walijijenga kwa kupiga katika hoteli za ufukweni, na wimbo wao wa kuwakaribisha wageni, Jambo Bwana, ulitungwa kwa masikio ya watu waliokaa kando ya bwawa la kuogelea. Bendi za kisiwani zilizobaki zikipigia wenyeji na mabaharia zilipungua moja baada ya nyingine, na vijana wa bendi wakaenda kuomba kazi hotelini, ambako walivalishwa mashati ya vitenge na kuombwa wimbo uleule kila jioni. Hapo ndipo mji ulipoanza kupoteza usiku wake wenyewe na kupewa usiku ulioandaliwa kwa ajili ya mtu mwingine. Huo ni mtazamo wangu, na najua wapo wanamuziki walioshukuru kwa mshahara wa uhakika.

Baada ya hapo ndipo Mtwapa ilipoinuka. Ulipoondoka, ilikuwa ni kituo cha kupita unapokwenda Kilifi, na sifa yake ilikuwa maembe na samaki. Ilikuwa na faida tatu: iko ng'ambo ya mkono wa bahari, nje ya mpaka wa manispaa ya Mombasa, iko karibu na hoteli za Shanzu na Kikambala, na viwanja vyake vilikuwa vya bei rahisi. Wazungu wazee waliostaafu wakajenga nyumba, wenye baa wakafuata, na wasichana kutoka kila pembe ya Kenya wakaja kutafuta riziki. Mwaka 2006 UNICEF na serikali ya Kenya walitoa ripoti iliyokadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa maeneo ya pwani walikuwa wakiingizwa katika biashara ya ngono mara moja moja, na ikaeleza bayana kwamba wateja hawakuwa watalii peke yao. Wakenya pia walikuwemo kwa wingi. Nayataja haya kwa sababu umemwambia mama kwamba Mtwapa imechukua nafasi ya Kilindini Road. Imechukua kweli, na imechukua pamoja na hili. Majirani zake wanaolala karibu na vipaza sauti, wenye watoto wa shule wanaoamka alfajiri, hawakuulizwa.

Sasa nije kwenye mabomu, kwa sababu sitaki uone kama nayapuuza. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na fujo zilizofuata ziliwafukuza watalii na pia wafanyakazi waliotoka bara, ambao ndio waliokuwa mikono na miguu ya hoteli nyingi. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Paradise ya Kikambala ililipuliwa, wakauawa Wakenya 10 na Waisraeli 3, na miongoni mwa Wakenya walikuwamo wacheza ngoma waliojipanga mlangoni kuwapokea wageni. Mei 2012 guruneti zilirushwa katika klabu ya Bella Vista mjini, mlinzi akafa. Mwezi uliofuata ikawa baa ya Jericho, Mishomoroni, watu wakiwa wametulia wakitazama mpira wa Uingereza na Italia. Mei 2014 Uingereza ikawaonya raia wake wasije Mombasa ila kwa safari za lazima, na kampuni za utalii zikawasomba wateja wao kwa ndege kabla likizo yao haijaisha.

Angalia, mjomba, nani alikufa. Mcheza ngoma, mlinzi, jirani aliyekuja kutazama mpira. Mtalii ana ubalozi wa kumwonya na ndege ya kumwondoa. Mwenye klabu, mara nyingi, ana fedha benki na hufungua tena Mtwapa au Nairobi chini ya jina jingine. Mhudumu hana lolote kati ya hayo. Katika vitabu vya hesabu nilivyovishika, kila mwaka wa misukosuko umeandikwa kwa namna ileile: kwanza mishahara inacheleweshwa, kisha inakatwa nusu, kisha majina yanaondolewa kwenye orodha pasipo barua wala malipo ya kuachishwa, kwa sababu watu waliofanya kazi miaka saba waliandikwa kuwa vibarua wa siku. Hili ndilo linaloniumiza zaidi katika habari nzima ya usiku wa mji huu. Umehama kutoka Kilindini hadi Bamburi, kutoka Bamburi hadi Mtwapa, na kila ulipohama waliokuwa wakiuhudumia waliachwa na madeni ya kodi ya nyumba.

Msukosuko wa korona sitausema sana. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020 na kuondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, na biashara ya usiku iliyokatazwa kufanya kazi usiku kwa muda wote huo haihitaji maelezo.

Mteja wa leo ni Mkenya. Tangu treni ya Madaraka Express ilipoanza safari zake mwaka 2017, familia na makundi ya marafiki kutoka Nairobi hushuka Miritini kwa mamia, na stesheni hiyo, tofauti na ile ya zamani iliyo mwisho wa Barabara ya Haile Selassie, iko nje ya kisiwa kabisa. Wakishuka wanagawanyika kwenda Nyali, Bamburi, Mtwapa au Diani, katika nyumba za kupanga kwa siku, ambako wanajipikia. Usiku wanataka nyama choma, DJ waliyemsikia redioni, na mahali pa kuegesha gari kwa wale waliokuja kwa barabara. Hununua chupa nzima na kuigawana mezani. Hawatafuti mahali pa kutembea kwa miguu kutoka baa hadi baa, na hilo ndilo Moi Avenue ilikuwa nalo. Msimu pia umegeuka: Mzungu alikuja kuanzia Desemba hadi Machi akikimbia baridi yake, ilhali mteja huyu hufuata likizo za shule na sikukuu, kwa hiyo Desemba inajaa hadi barabarani na Januari, ada za shule zikishalipwa, hakuna mtu.

Moi Avenue yenyewe mchana ina uhai mkubwa. Benki, maduka ya dawa, maduka ya simu, watu wanaokimbilia matatu za Likoni. Na wapo wazee wa mji, waliokuwa wakiipita barabara ile na watoto wao huku wamewainamisha macho, ambao wameshukuru kwa dhati kuondoka kwa baa. Siwezi kuwaambia wamekosea. Ukiniuliza mimi, jengo lile lingefaa kuwa mkahawa wa jioni kwa watu wanaotoka kazini, wenye chakula cha kwetu na muziki wa kupigwa kwa mikono hadi saa nne, kwa sababu wateja hao wapo pale kila siku ya mwaka na hawaletwi na meli, ndege wala treni. Faida yake ni ndogo kuliko unayoota. Lakini ni faida ambayo ilani ya ubalozi haiwezi kuizima kwa siku moja.

Kabla ya kukubali bei, nakuomba mambo machache. Uliza kama anachouza ni jengo, mkataba wa kupanga, au jina na leseni tu, kwa kuwa leseni hutolewa na kaunti na haifuati kaunta ilipo. Usije kukagua Desemba. Njoo Mei, mvua ikinyesha, ukae pale usiku wa Jumanne hadi wanapofunga, na uhesabu mwenyewe wanaoingia. Omba uonyeshwe orodha ya wafanyakazi, michango yao ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, na mishahara wanayodai. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haimhesabu tena kuwa kibarua mtu aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja, kwa hiyo madeni hayo huenda ukauziwa pamoja na viti na meza. Nitumie nakala ya kila karatasi watakayokupa. Ukifika nitakwenda nawe kwa muuzaji, na kabla hatujazungumza bei nitamuuliza mbele yako wale wahudumu alio nao sasa atawalipa lini.

Mpwa wako, Kisauni.