Kaunsela asitutenge na watu wetu, na wazee nao wasitufunge mdomo

Mhariri, salamu kwako na wasomaji wenzangu.

Kuna ndugu aliandika hapa kwamba watu wa Tanga tuache mambo ya kupeleka shida kwa masomo, yaani makungwi wanaomfunda binti, na kwa mashangazi, twende kwa makaunsela waliosomea. Mi elimu yao siipingi, ila ndugu huyu sijui anaishi mtaa gani. Mama wa Makorora akiwa na jambo zito haendi ofisini peke yake, anaongozana na somo yake au mama mdogo, sasa kaunsela akishasema huyu mwingine asubiri nje basi mazungumzo yameishia hapo, utasikia tu "sina tatizo kubwa mwanangu, ni usingizi", anajifunga khanga yake vizuri anaondoka na hutamuona tena.

Na hii ya kumchukulia mtu kama hana kwao hata huko Marekani ilishapingwa zamani. Kuna daktari wa akili aliitwa Jean Baker Miller, yeye na wenzake, kuanzia miaka ya 1970 na baadaye kule Chuo cha Wellesley, walisema mtu hakui kwa kujitenga na wengine, anakua ndani ya mahusiano, na anayekuponya ni uhusiano wenyewe. Hapa karibu Zimbabwe, daktari wa akili Dk. Dixon Chibanda tangu 2006 kawaweka mabibi wa mtaani kwenye mabenchi nje ya zahanati wanasikiliza watu, na utafiti uliotoka 2016 ulionyesha waliokaa na mabibi wale baada ya miezi sita walikuwa na nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ila wale mabibi walifundishwa jamani, na wana watu wa kuwasimamia, sio mtu kajikalia tu akatoa nasaha kwa sababu ana mvi.

Maana sasa nageukia kwetu. Watetezi wa mila mnaopiga makofi hapo, subirini kidogo.

Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 101 inataka mgogoro upite kwanza baraza la usuluhishi ndio mahakama isikilize talaka, na si jambo baya, watu wengi wamepatana hivyo. Lakini sheria hiyohiyo kifungu cha 66 inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, hiki hakisomwi kwenye vikao! Mwanamke anakuja jicho limevimba, wamekaa wazee watano na wanne kati yao ni wa upande wa mume, anaambiwa vumilia mwanangu, ndoa ndivyo zilivyo, ya ndani usiyatoe nje. Hapo unamsuluhisha nani na ngumi? Yule binti anaondoka anajua watu wake wote wamemkalia, na hilo linauma kuliko hata kipigo. Miller na wenzake hilo nalo walilisema, kwamba mahusiano ukiyaangalia bila kuangalia nani ana nguvu juu ya nani, iwe kwa jinsia, rangi au pesa, hujaona kitu.

Wanaume nao msicheke, pale kwenye kahawa Ngamiani tutaongea Coastal Union usiku kucha ila mtu kafukuzwa kazi mwezi wa tatu huu na hakuna anayejua, mpaka mtani wake aje amtanie ndio yanamtoka.

Kwahiyo mi ninachoomba halmashauri yetu ifanye ni kitu cha kawaida kabisa. Afisa ustawi wa jamii awaite masomo, masheikh, mapadri na wenyeviti wa mitaa, wafundishwe kusikiliza, kutunza siri, na kujua jambo gani si la kikao, yaani likiwa la kupigwa au la mtoto kuharibiwa liende moja kwa moja Dawati la Jinsia na Watoto polisi na mgonjwa apelekwe hospitali, bila kusubiri wazee wakutane Ijumaa. Na makaunsela nao kabla hawajafunga mlango wamuulize mteja, faragha, unataka nani akae humu na nani hutaki. Akisema namtaka shangazi, shangazi aletewe kiti. Akisema shangazi ndiye anayenirudisha kwenye kipigo, shangazi abaki nje, hata kama kapanda daladala toka Pongwe na amenuna.

Msomaji wenu,
Mikanjuni, Tanga