Msomaji asishauriwe kununua nafasi ya mbele kwenye foleni

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nichangie makala mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu matembezi ya familia kwenye bustani za burudani, ambamo msomaji alishauriwa kwamba njia ya uhakika ya kukwepa foleni ni kununua tikiti ya ziada inayompitisha mbele ya wenzake. Mwandishi aliandika kwa nia njema, na mengi aliyoyasema kuhusu maandalizi ya safari nayaunga mkono. Hata hivyo, ushauri ule mmoja umenisumbua kiasi cha kushindwa kunyamaza, kwa sababu unamwelekeza mzazi mwenye kipato cha kawaida alipie kitu ambacho kwa sehemu kubwa angekipata bure lau angeelezwa jinsi foleni inavyozaliwa, tena haukugusa hata kwa neno moja mzigo wanaobebeshwa wale wanaobaki kwenye foleni ya kawaida.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Mara ya kwanza tulipowapeleka kwenye bustani ya aina hiyo tulifika saa nne na nusu asubuhi, ilhali lango lilikuwa limefunguliwa tangu saa tatu, na tukaenda moja kwa moja kwenye vigari vya kasi ambavyo watoto walikuwa wameviota kwa wiki nzima. Tulisimama juani saa mbili kasoro dakika chache. Tulipofika mbele kabisa, mhudumu alimsimamisha mtoto wetu wa mwisho kando ya kijiti cha kupimia urefu, akatutazama kwa huruma, akasema hatoshi. Mume wangu alitoka naye akilia, akakosa na yeye, na siku yetu ikaharibika kabla ya saa saba mchana. Simlaumu yule kijana aliyepima, kwani alikuwa analinda uhai wa mtoto. Ninacholaumu ni kwamba hapakuwa na mtu wala kibao mwanzoni mwa foleni cha kutuambia jambo ambalo lilijulikana wazi kabla hatujapiga hatua ya kwanza.

Tangu siku ile nimejifunza kwamba foleni ni hesabu kabla ya kuwa bahati. Kila mchezo una idadi ya watu unaoweza kuwapakia kwa saa moja, na idadi hiyo haiongezeki kwa kuwa wanaosubiri ni wengi. Tuchukue mfano wa vigari vinavyobeba watu 24 na kuondoka kila dakika: vitahudumia watu 1,440 kwa saa, hawazidi. Ukiwakuta watu 240 mbele yako utasubiri dakika 10, na ukiwakuta 2,880 utasubiri saa mbili. Wataalamu wameushughulikia uhusiano huu kwa zaidi ya karne moja, tangu Agner Krarup Erlang wa Denmark alipochapisha mwaka 1909 hesabu zake kuhusu simu zinazogombania laini chache, hadi John Little wa Marekani alipothibitisha mwaka 1961 kwamba idadi ya wanaosubiri ni sawa na kasi ya watu kuwasili ikizidishwa kwa muda ambao kila mmoja anasubiri. Jambo ambalo wazazi wengi hatuelezwi ni kwamba foleni hufanana na deni. Watu wakimiminika asubuhi kwa kasi inayozidi uwezo wa mchezo, wanalimbikiza foleni ambayo haitapungua hata kama baadaye watakuja kwa kasi iliyo sawa na uwezo huo, bali itabaki pale pale mpaka wanaowasili wawe wachache kuliko wanaopakiwa. Ndiyo maana foleni iliyojaa saa tano huwa bado imejaa saa tisa alasiri, na ndiyo maana dakika chache za asubuhi zina thamani kubwa kuliko saa nzima ya mchana.

Kwa hiyo ushauri ambao ningependa wasomaji waupate kwanza ni kufika nusu saa au zaidi kabla ya lango kufunguliwa, tikiti ikiwa imeshanunuliwa, choo kimeshatafutwa, na familia imeshakubaliana ni mchezo upi wa kwanza na upi wa pili. Katika kuchagua huo wa kwanza, umaarufu pekee usiwe kipimo. Mchezo ambao vigari vyake vinazunguka mfululizo bila kusimama, kama ule wa nyumba ya mizimu uliofunguliwa Disneyland, bustani ya Disney huko California, mwaka 1969, humeza watu wengi sana, na foleni yake hutembea hata ikionekana ndefu. Ilhali kibembea kidogo cha watoto kinachopakia wachache kwa zamu kinaweza kumsimamisha mzazi dakika 40 nyuma ya mstari ambao kwa macho hauonekani kuwa kitu. Kabla ya kujiunga na foleni, hesabu wanaopakiwa kwa zamu moja na muda wa zamu hiyo, kisha ukadirie walio mbele yako. Kazi hii inachukua dakika mbili, na binti yangu wa miaka kumi sasa anaifanya vizuri kuliko mimi.

Mchana, wakati foleni zimefikia kilele, ndio wakati wa maonyesho ya jukwaani, kivuli na mapumziko, na jioni watu wenye watoto wadogo wanapoanza kuondoka ndipo inapofaa kurudi kwenye michezo mikubwa. Bustani nyingi humhudumia kila aliyekwisha kuingia kwenye foleni kabla ya saa ya kufunga, hivyo dakika za mwisho zinafaa kutunzwa kwa ule mchezo uliokukatisha tamaa mchana. Sikukuu na siku za likizo za shule zinajulikana, sina haja ya kuzieleza. Nitaongeza tu kwamba mchezo uliofunguliwa juzi juzi ni wa kusubiriwa upoe: mwezi Juni 2019, bustani ya Universal Orlando huko Florida ilipofungua vigari vyake vya pikipiki vya Hagrid, yule jitu wa hadithi za Harry Potter, siku ya kwanza watu walisubiri kwa muda uliofikia saa kumi nzima, na sidhani kama kuna furaha ya dakika chache inayoweza kumlipa mtoto kwa siku nzima ya kusimama.

Kuna pia taratibu zisizo na malipo ambazo makala yenu haikuzitaja. Michezo mingi mikubwa ina foleni ya wanaokubali kukaa peke yao, ambamo mtu hujaza kiti kilichobaki wazi katikati ya makundi, na kwa vijana wasiojali kutenganishwa kwa dakika tatu foleni hiyo mara nyingi huwa fupi sana. Ipo pia ruhusa ya wazazi kupokezana, ambapo mmoja anapanda na wakubwa huku mwingine akibaki na mdogo asiyetosha urefu, kisha wanabadilishana bila huyu wa pili kuanza foleni upya. Siku ile mume wangu angeomba ruhusa hiyo asingekosa, lakini hatukujua kwamba ipo. Urefu wenyewe upimwe nyumbani, kwani vipimo vinavyotumika mara nyingi, kama sentimita 102, 112 na 122, hutangazwa na bustani kwenye tovuti na programu zao za simu, na mtoto akiambiwa ukweli siku moja kabla huwa na muda wa kuuzoea.

Sasa niseme kuhusu tikiti ya kupita mbele, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Mwaka 1999 Disney ilianzisha utaratibu ambao kila mwenye tikiti ya kiingilio aliweza kuuingiza mchezo kwenye ratiba yake bila kulipa zaidi: aliiweka tikiti kwenye mashine, akapewa karatasi yenye saa ya kurudi, akaenda kufanya mengine. Wote walikuwa na haki sawa, na aliyefika mapema alipata saa nzuri. Mwaka 2021 utaratibu huo wa bure uliachwa Florida, California na Paris, na mahali pake ukaja wa kulipia. Bustani nyingine nyingi nazo zinauza nafasi ya mbele, na makala yenu imelichukulia jambo hilo kama maendeleo ya kawaida ya biashara.

Turudi kwenye mfano wangu wa viti 1,440 kwa saa. Tuseme viti 1,000 kati ya hivyo wamepewa waliolipa zaidi. Foleni ya kawaida inabaki na viti 440, na familia iliyokuta watu 880 mbele yake, ambayo ingesubiri kama dakika 37 pasipo njia ile ya pili, sasa itasubiri saa mbili kamili. Tikiti ya ziada haijaongeza kiti hata kimoja. Dakika alizookoa mwenye fedha zimetoka kwenye miguu ya mtoto wa mwenzake aliyelipa kiingilio halali, na kadiri foleni ya kawaida inavyorefuka ndivyo wengine wanavyosukumwa kulipa ili waikimbie, hata njia ya waliolipa nayo ikaanza kujaa. Mimi sipingi hata kidogo njia maalumu kwa watu wenye ulemavu au wagonjwa ambao mwili hauwaruhusu kusimama, kwani hao wanapewa kinachowawezesha kushiriki kama wengine. Ninachopinga ni uhaba kutengenezwa kisha dawa yake kuuzwa, na gazeti linaloheshimika kumshauri msomaji ainunue bila kumweleza inatoka wapi.

Wenye bustani wakitaka, wanaweza kufanya vingine. Kwa kibembea cha tembo warukao huko Florida, Disney yenyewe mwaka 2012 ilijenga cha pili kando ya kile cha kwanza, hivyo idadi ya viti ikawa maradufu, na badala ya mstari ikaweka uwanja wa ndani ambamo watoto walicheza huku wazazi wamekaa wakisubiri kuitwa kwa kifaa kidogo walichopewa mkononi. Volcano Bay, bustani ya maji iliyofunguliwa mwaka 2017, iliwavalisha wageni wote bangili ya kuwawekea nafasi, bila kuitoza bei ya ziada. Kwenye bustani za Disney za Tokyo nako, ingawa tikiti za kulipia zilianza kuuzwa mwaka 2022, mwaka uliofuata ilitolewa pia pasi ya bure kwa baadhi ya michezo.

Mwaka 1985 David Maister, aliyekuwa akifundisha Harvard, alieleza kwamba kusubiri bila kuambiwa sababu, bila kujua mwisho wake, au ukiwa unaona hutendewi haki, huonekana kurefu kuliko kusubiri kwa muda ule ule ukiwa umeelezwa. Nani aliyewahi kumshika mkono mtoto wa miaka minne kwenye foleni asiyelijua hilo? Kwa msingi huo naomba wenye bustani watangaze waziwazi, mwanzoni mwa kila foleni, muda wa kweli wa kusubiri, urefu unaohitajika pamoja na kijiti cha kupimia, na sehemu ya viti waliyoitenga kwa wanaolipa zaidi, ili anayesimama aamue akiwa na habari kamili.

Nanyi, Mhariri, naomba kabla ya likizo ijayo ya shule mchapishe makala nyingine itakayoanza na saa ya kufika, uwezo wa kila mchezo, foleni ya anayekaa peke yake na ruhusa ya wazazi kupokezana, na tikiti ya kupita mbele itajwe mwishoni, pamoja na maelezo ya nani anayeilipia kwa kusimama. Sisi tulirudi kwenye bustani ile mwaka uliofuata, tukafika lango likiwa bado limefungwa. Hadi saa nne na nusu, saa ile ile tuliyoingia mara ya kwanza, watoto walikuwa wameshapanda michezo mitatu mikubwa, na yule mdogo, aliyekuwa ameongezeka sentimita sita, alikuwa amepanda vigari vya kasi mara mbili.

Wako katika usomaji,

Mama wa watoto watatu