Mkunga mmoja hawezi kuisikiliza mioyo yote

Mhariri,

Kila panapotokea kisa cha mtoto aliyefariki wakati wa kuzaliwa, watu huuliza kama hospitali ilikuwa na mashine. Mimi ni mkunga katika Kaunti ya Kisumu, na naomba pia tuulize zamu hiyo ilikuwa na wakunga wangapi.

Moyo wa mtoto aliye tumboni kwa kawaida hupiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika. Shirika la Afya Duniani linatutaka tuusikilize kila baada ya dakika 15 hadi 30 uchungu unapokolea, na kila dakika 5 mama anaposukuma. Tena tuhesabu kwa dakika nzima, tangu tumbo likiwa limekaza hadi angalau nusu dakika baada ya kulegea, kwa maana hapo ndipo mtoto anayepungukiwa na hewa hujulikana, moyo wake unapochelewa kurudia mwendo wake. Papo hapo tushike mshipa wa mkono wa mama, tusije tukahesabu mapigo yake tukidhani ni ya mwanawe.

Nikiwa peke yangu usiku na kina mama wanne, kusikiliza kila nusu saa ni mara nane kwa saa. Na kila mara, pamoja na kupapasa tumbo kujua mgongo wa mtoto ulipo na kuandika, hunichukua kama dakika tano. Hizo ni dakika 40. Mmoja akianza kusukuma siwezi kumwacha, na wale watatu hubaki bila wa kuwasikiliza. Nakiri kwamba alfajiri moja ya usiku kama huo nilijaza kwenye partografu, ile karatasi ya kufuatilia mwendo wa uchungu, mapigo ambayo sikuyasikia. Mtoto alizaliwa akilia, nashukuru Mungu, lakini karatasi ile hainitoki moyoni.

Dopla, kifaa kidogo cha betri kinachotoa sauti ya moyo wa mtoto, inatusaidia, na mama akiusikia moyo wa mwanawe huonekana kupata nguvu mpya. Betri zikiisha tunayo fetoskopu, ile koni iliyobuniwa na Mfaransa Adolphe Pinard, ambayo bado inafaa ikiwa anayeitumia ana nafasi ya kutulia. Mashine ya kufungwa tumboni na kuchora mapigo mfululizo, ambayo wengi wanaidai, shirika hilo hilo halipendekezi ifungwe kwa kila mama mwenye afya, kwani huongeza upasuaji.

Kwa hivyo naiomba serikali ya kaunti, inapoandaa bajeti ijayo ya afya, ianze kwa kuandika idadi ya wakunga wa zamu ya usiku katika kila wodi ya kujifungulia, ndipo ije kwenye vifaa.

Mkunga,
Kisumu