Asante, dada wa gati la Kamanga

Dada muuza dagaa wa Kamanga, jina lako sikulipata, ila asante sana. Wapakiaji waliliacha begi langu la mgongoni gatini, kivuko kikaondoka nami kuja Mwanza. Ni begi kuukuu lililopauka kwa jua, mkanda mmoja umeshonwa kwa uzi wa nyavu. Nimelibeba Rubondo, nimelilalia Ukerewe. Nililia kwa kweli. Wewe ukalitoa mvuani, ukaikuta namba yangu ndani ya mfuniko, ukanipigia kwa salio lako. Zipu iliyolegea ukaifunga kwa kamba vitu visimwagike, ukamkabidhi baharia wa kivuko cha jioni, ukapiga tena kuuliza kama limefika. Hela ya soda ukaikataa! Wasafiri wenzangu, mkipita Kamanga, dagaa nunueni kwake.