Gari Unalolienzi Likilala Nje Msimu wa Mvua

Wateja wetu wengi wenye magari ya zamani yaliyotunzwa vizuri, yaani Peugeot 504, Mercedes za miaka ya 1970 na 1980, Datsun, na Land Rover ambazo wazee wao walizinunua zikiwa mpya, hawana gereji nyumbani. Gari hulala uani, chini ya mwembe au kando ya ukuta, huku mwenyewe yuko Nairobi au ng'ambo hadi Desemba. Masika yanapokaribia, swali linalotufikia katika karakana yetu hapa Kisumu huwa ni lile lile: tulifunike kwa kitu gani? Jibu letu huwashangaza baadhi yao, kwa sababu tunaanza na ardhi iliyo chini ya gari, na suala la kifuniko tunalifikia baadaye.

Ushauri mwingi unaosomwa kuhusu kuhifadhi gari nje uliandikwa kwa ajili ya majira ya baridi ya Ulaya na Amerika Kaskazini. Huko barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hurukia chini ya gari na kula chuma. Maji matupu yaliyobaki kwenye radieta huganda, hutanuka na yanaweza kuipasua bloku ya injini. Hayo si matatizo yetu. Ziwa Victoria halina maji ya chumvi, kwa hiyo hata anayeishi Dunga ufukweni hana sababu ya kuhofia upepo wa ziwani kama anavyouhofia mtu wa Mombasa upepo wa bahari. Nakuru, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850, huwa na usiku wa baridi mwezi Juni na Julai, lakini si baridi ya kugandisha radieta. Kinachoharibu magari ya huku ni unyevu unaokaa muda mrefu mahali pamoja, ukisaidiwa na jua kali la ikweta. Chuma hushika kutu kwa kasi zaidi unyevu wa hewa unapopita kiasi cha asilimia 60, na usiku wa masika, kuanzia Kisumu hadi Kakamega, hewa huwa imepita kiwango hicho hata mvua isiponyesha.

Ndiyo maana turubai la plastiki, ambalo ndilo jambo la kwanza watu wengi hulinunua, tunalikataa bila kusita. Mchana jua hulipasha joto, na unyevu ulio kwenye udongo na nyasi chini ya gari hupanda kama mvuke na kukosa pa kutokea. Usiku bodi ya gari inapopoa, mvuke ule hugeuka matone kwenye upande wa ndani wa turubai na juu ya chuma chenyewe, na asubuhi gari limelowa ingawa tone la mvua halikulifikia. Mzunguko huo ukirudiwa kuanzia Machi hadi Juni, kutu huanzia mahali ambapo jicho halifiki: kwenye ukingo wa chini wa milango, ndani ya matao ya magurudumu, chini ya kapeti, na kwenye mikunjo ya bati iliyounganishwa kwa vidoa vya kuchomelea. Zaidi ya hayo, plastiki iliyoshika joto hugandana na rangi, na upepo unaotangulia mvua ya jioni huipigapiga juu ya bodi pamoja na vumbi lililonaswa chini yake. Ikiwa mtu hana chochote ila turubai la plastiki, na raba za madirisha na milango ni nzima, tunamshauri aliache gari wazi. Gari lililolowa mvua na kisha kukaushwa na upepo lina nafuu kuliko lililofungiwa na jasho lake.

Turudi kwenye ardhi. Katika uwanda wa Kano, kuanzia Kibos hadi Ahero, udongo ni ule mweusi wa mfinyanzi ambao hunyonya maji, huvimba na hukaa na unyevu muda mrefu baada ya mvua kukatika. Gari lililoegeshwa juu yake huzama kidogo kidogo, na tumbo lake hupokea mvuke usiku na mchana. Nyasi nazo si bora, hata kama zimekatwa, kwa kuwa hushika umande. Sakafu ya zege yenye mteremko mdogo ndiyo inayofaa kabisa. Isipowezekana, tunachimba kina kifupi, tunatandaza nailoni nzito ambayo wajenzi huiweka chini ya sakafu ya nyumba, kisha tunamwaga kokoto juu yake hadi pawe juu kuliko uwanja unaopazunguka. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na kubadilisha sakafu ya gari iliyooza. Watu wengine huegesha juu ya mbao. Sehemu nyingi za magharibi mchwa huzimaliza mbao hizo kabla ya mwaka kwisha, na gari likainama upande mmoja. Tumia vibamba vya zege au mawe bapa. Na kama boma liko karibu na mto Nyando au kwenye bonde linalofurika, hakuna kifuniko kitakachosaidia: gari lipelekwe kwa jamaa anayeishi mahali pa juu hadi mvua ipungue.

Baada ya ardhi, paa. Banda la nguzo nne lenye mabati juu na pande zilizo wazi hulinda gari kuliko kifuniko chochote tunachoshona, na tunasema hivyo ingawa kushona vifuniko ni sehemu ya kazi yetu. Linazuia mvua na jua, na upepo unapita. Tatizo lake moja ni kwamba usiku mabati hupoa na kudondosha matone, kwa hiyo kifuniko chepesi cha kitambaa bado kinahitajika chini yake. Pasipo na banda, tunashona kifuniko cha kitambaa chenye tabaka kadhaa, ambacho huzuia maji ya nje yasipenye lakini huruhusu mvuke wa ndani utoke, na upande unaogusa rangi huwa laini kama wa blanketi. Tunapima gari lenyewe badala ya kukisia kwa jina la modeli, kwa sababu kifuniko kilicholegea hujaza maji kwenye mikunjo na hucheza na upepo. Mikanda hupita chini ya tumbo la gari na kufungwa.

Kifuniko hakipaswi kuwekwa juu ya gari chafu, na hili ndilo kosa ambalo huumiza rangi nyingi za Nakuru. Vumbi la Bonde la Ufa ni laini lakini lina chembe za miamba ya volkano, na likibaki kati ya kitambaa na rangi hufanya kazi ya msasa kila upepo unapovuma. Osha gari, likauke kabisa hata kwenye viungo vya milango, lipakwe nta, ndipo lifunikwe. Nta ina kazi ya ziada huku kwetu: kinyesi cha ndege kina asidi ambayo, ikipashwa na jua, huacha alama ya kudumu kwenye rangi, na wenyeji wa Kisumu na Nakuru wanawajua vizuri korongo wakubwa wanaolala juu ya miti ya mjini. Kivuli cha mti kinavutia, ila mwembe hudondosha utomvu na matunda, na mkaratusi huangusha matawi bila onyo. Kwa wanaoishi upande wa Kericho na Nandi, ambako mvua ya mawe ni jambo la kawaida, tunaongeza tabaka nene la sponji kwenye boneti, paa na buti. Halitazuia kila jiwe, lakini hupunguza sana mibonyeo.

Sasa tufike kwenye desturi ambayo tungependa kuona ikikoma. Mwenye gari akiwa mbali, humwagiza mtu wa nyumbani aliwashe dakika tano kila Jumapili ili injini isilale. Nia ni njema na madhara ni makubwa. Kila lita ya petroli inayoungua huzaa takriban lita moja ya maji kwa umbo la mvuke. Injini ikiwa baridi, sehemu ya mvuke huo huishia ndani ya sailensa na nyingine hupenya hadi kwenye oili, na dakika tano hazitoshi kuleta joto la kuukausha. Sailensa huoza kuanzia ndani, oili hugeuka kuwa na asidi, na betri hupoteza kwa kuwasha chaji nyingi kuliko inayorudishiwa. Ikiwa yupo dereva mnayemwamini na gari lina bima, aliendeshe nusu saa nzima, siku kavu, mara moja au mbili kwa mwezi, hadi kila kitu kipate joto na breki zisafike. Ikiwa hayupo, liacheni limelala kabisa, mradi liliandaliwa kwa usingizi huo.

Maandalizi hayo huanza kwa kubadilisha oili kabla ya kulilaza, kwa sababu oili iliyotumika tayari ina maji na asidi ndani yake. Tangi la bati hujazwa petroli ili hewa yenye unyevu isipate nafasi, na dawa ya kuzuia petroli isichakae huongezwa ikiwa gari litakaa zaidi ya miezi michache. Radieta isiachwe na maji ya bomba: kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, huwekwa huku kwa ajili ya dawa za kuzuia kutu zilizomo ndani yake, hata kama barafu hatuijui. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani, hivyo tunayabadilisha kila baada ya miaka 2. Breki ya mkono huachwa imelegezwa na magurudumu kuzuiwa kwa mawe, la sivyo viatu vya breki hugandana na dramu, na siku ya kuondoka gari halisogei.

Betri iliyojaa huonyesha volti 12.6 ikiwa imepumzika; ikishuka chini ya 12.4 inahitaji kuchajiwa, na ikiachwa hivyo hivyo kwa miezi hufa bila kurudi. Tunaikata upande wa hasi au, panapo na jua la kutosha, tunafunga paneli ndogo ya sola yenye kidhibiti cha chaji. Matairi huongezewa upepo bila kuzidi kiwango kilichoandikwa ubavuni, na gari la kukaa msimu mzima tunalipandisha juu ya stendi zilizowekwa chini ya ekseli, ili springi zisining'inie.

Ndani ya gari, jambo kuu ni mifereji midogo ambayo wengi hawajui kuwa ipo. Chini ya kioo cha mbele na ndani ya milango kuna matundu ya kutolea maji, na majani ya mti yakiyaziba, maji hujaa na kumwagika kwenye kapeti. Tunayazibua kwa waya laini. Kapeti za juu tunaziondoa na kuzihifadhi nyumbani, na viti vya ngozi hupakwa mafuta yake kabla ukungu haujavizoea. Mwisho wa bomba la moshi na njia ya hewa ya injini tunaviziba kwa wavu wa waya, kwa kuwa nyigu wa udongo hujenga humo na panya hupenda kuzalia penye joto na kutafuna nyaya. Alama ya kitambaa chekundu hufungwa kwenye usukani ili asiyejua asiliwashe gari likiwa limezibwa.

Anayebaki nyumbani ana kazi moja nyepesi ambayo hatuwezi kuifanya kwa niaba yake. Upande wa Kisumu, asubuhi nyingi za masika huwa na jua, na mvua huja alasiri au jioni upepo wa ziwa unapokutana na vilima. Kwa hiyo, angalau mara moja kwa wiki, siku isiyo na mawingu, afungue kifuniko mnamo saa tatu asubuhi, afungue milango, aache hewa ipite, kisha alifunike tena kabla ya saa saba mchana. Kifuniko kilicholowa upande wa ndani kianikwe kwanza.

Tunayasisitiza haya kwa sababu magari haya hayapatikani tena kwa urahisi. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, hivyo 504 ya mwaka 1978, mwaka ambao 504 ilishinda Safari Rally, ikioza sakafu, hakuna kuagiza nyingine kutoka Japani. Bati la kuziba hupatikana, na mafundi wetu wanajua kulikunja, lakini bodi ya kiwandani ina ubora ambao kiraka hakiufikii.

Kwa wanaotaka tuliandae gari lao, kazi hii inachukua siku mbili na hufanyika nyumbani kwa mteja, pamoja na kupima kifuniko. Kifuniko chenyewe huwa tayari wiki inayofuata. Tunafika Kisumu, Vihiga, Kakamega, Siaya na Busia, na Nakuru tunapanga safari pale wateja kadhaa wanapokubaliana tarehe. Ni vyema kutujulisha mwezi wa Januari au Februari, ardhi ikiwa bado kavu, kwa kuwa kokoto haziwezi kutandazwa vizuri juu ya tope. Tafadhali hakikisheni kuwa funguo ziko nyumbani, na kwamba aliyepo anajua gari liliwashwa lini mara ya mwisho.