Barafu ya gesi: Lamu tusiuziwe mbuzi kwenye gunia

Mhariri,

Siku hizi barazani hapa Lamu usiku haupiti bila mtu kutoa simu na kuonyesha video ya barafu inayowaka moto. Eti imejaa chini ya bahari yetu, ikichimbwa tutasahau shida. Waomba kura nao wameshaudaka wimbo.

Barafu hiyo ipo kweli duniani. Ni gesi ya methani iliyonaswa ndani ya maji yaliyoganda kwa baridi na mgandamizo wa bahari kuu. Ukiiwasha, inawaka huku inadondoka maji. Mita moja ya ujazo ikiyeyuka hutoa gesi takriban mita za ujazo 160. Wengi husikiliza mpaka hapo tu, wakaondoka wameshatajirika.

Wajapani, ambao gesi yao karibu yote hununua nje, waliijaribu mwaka 2013 kwa meli ya Chikyu. Walipunguza mgandamizo kisimani, barafu ikayeyuka, gesi ikapanda. Haikutimia wiki, mchanga ukafurika kisimani na kazi ikasimama. Wakarudi 2017; kisima cha kwanza, mchanga tena! China nayo imeitoa 2017 na 2020, lakini kwa majaribio. Ndio wenye fedha na mitambo hao. Sisi hata visima vya gesi ya kawaida vilivyochimbwa baharini kwetu havijajaza mtungi mmoja. Tena methani ikivuja, kwa miaka 20 huipasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dioksaidi.

Naambiwa barafu hiyo iko kwenye kina ambacho mvuvi wetu hafiki. Sawa, lakini bomba litapita wapi kuja nchi kavu kama si kwenye miamba tunakotega? Bandari ya Lamu ilipojengwa, wavuvi walilazimika kwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.76. Walishatimuliwa kwenye maeneo yao ya uvuvi ndipo hesabu ikapigwa.

Kwa hiyo anayetaka kura kwa barafu hii atuletee kwanza uchunguzi wa sakafu ya bahari, kwa Kiswahili, tuusome. Na mkataba wa fidia uliotiwa saini na wavuvi kabla meli ya kwanza haijatia nanga. Akishindwa, basi atuletee barafu ile nyingine, ya kuhifadhia samaki. Kaskazi ikishika, wavuvi wa visiwani huuza nguru kwa bei ya kutupa kwa kuikosa.

Msomaji wako,
Mkomani, Lamu