Maziwa ya mtoto njiti yasitegemee plasta na kalamu

Mhariri,

Mimi ni keshia wa supamaketi, mwaka wa tisa huu. Kutwa napitisha bidhaa kwenye mashine inayosoma msimbopau, ile mistari myeusi. Pakiti ya maziwa ya ng'ombe haitoki dukani mpaka mashine iitambue. Maziwa yangu mwenyewe, niliyomkamulia mwanangu hospitalini, yalitambulishwa kwa plasta na kalamu ya wino.

Mwanangu alizaliwa njiti, gramu 1,350. Kunyonya hakuweza. Kila baada ya saa tatu tunakamua, tunaandika jina na saa, kikombe kinaingia friji ya wodi, muuguzi anampa kwa mpira wa puani. Watoto wale huitwa kwa majina ya mama zao, na wodini tulikuwa Mwajuma wawili.

Usiku wa nne naingia, nakuta kikombe changu kiko kwenye kitanda cha mtoto wa mwenzangu, muuguzi anavuta maziwa kwa bomba la sindano. Unyevu wa friji ulishafuta jina la baba, limebaki "Mwajuma" tu. Nilikijua kwa mfuniko wake wa bluu. Nikapiga kelele. Muuguzi alishtuka kuliko mimi. Alikuwa peke yake na watoto zaidi ya ishirini, simlaumu.

Wapo wanaosema maziwa ni maziwa. Jamani, VVU hupita kwenye maziwa ya mama! Benki ya maziwa ya mama ya hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, iliyoanza 2019, hupasha moto maziwa ya wachangiaji kuua vijidudu kabla mtoto hajapewa. Yetu yanatoka kifuani, friji, tumboni.

Naomba mtoto akipokelewa zichapwe lebo za msimbo mmoja: moja mguuni kwake, nyingine apewe mama abandike vikombe. Muuguzi apitishe mashine kwenye lebo ya mguuni, kisha ya kikombe. Visipolingana mashine igome.

Ila mashine haina akili, hilo nalijua kutoka kaunta. Kijana wa stoo aliwahi kubandika lebo ya mchele kwenye sukari, mashine ikapokea bila neno. Mteja ndiye aliyegundua. Kwa hiyo lebo ya mguuni ifungwe mama akiona, naye asome jina kwa sauti. Umeme ukikatika, wahakiki wauguzi wawili. Na usiku, wodi yenye muuguzi mmoja, huyo wa pili atatoka wapi? Wizara itujibu.

Mwajuma,
Mbagala, Dar es Salaam